Vinanda Vitatu, Tukuyu

Ambakisye amefungulia kompyuta jikoni
kwa sababu jikoni ndiko kwenye soketi inayoshika.
Mvua iko juu ya bati tangu juzi.

"Sikiliza," ananiambia, "hiki cha kwanza."
Kinang'aa. Sauti zake za juu ni kijiko
kikigonga glasi kwenye harusi ya wenye pesa.
Nikasema: kizuri, ila hakijawahi kufiwa.

Cha pili kizito. Besi yake inanguruma
kama lori la ndizi likipanda kwa gia ya kwanza.
Hiki cha mazishi, nikasema. Akacheka, akaandika.

Cha tatu alikiweka bila maneno.
Noti moja tu, akaiacha ife yenyewe,
na katika kufa kwake nikasikia mbao zikilia,
pedali ikiachiwa, na mtu, naapa, akivuta pumzi:
mtu aliyeketi kutwa katika chumba cha mbali
akipiga kitufe kimoja kimoja, polepole, kisha kwa nguvu,
ili sisi tuje tuchague.

Alilipwa? Alikula mchana?

Nikakumbuka kinanda cha misheni,
kile ambacho mchwa walikimaliza miguu,
na fa yake iliyokwama kila masika
hadi sauti ya pili wakazoea kuiimba kwa niaba yake.

"Haya, kipi?" anauliza Ambakisye.
Umeme ukakatika.
Gizani nikaimba ile fa, vibaya,
naye akipapasa meza, akitafuta kiberiti.