Kijiko cha Mwanga

Langoni, Amu. Saa nne usiku, umeme umekatika.
Somoe anakoroga uji wa mtama, ananiuliza
kazi yangu huko ughaibuni hasa ni kazi gani.

Nakoroga pia, namwambia.
Ila sufuria yangu haina kuta:
wingu la atomu, dogo kuliko yai la chawa,
baridi kuliko baridi yoyote uijuayo.
Kijiko ni mwale wa mwanga.

"Na unatafuta nini?"

Joto. Napitisha mwale polepole
natafuta joto, silipati.
Hakuna msuguano, hakuna wimbi,
wingu halijui kuwa limeguswa.
Basi hapo ndipo tunaposhangilia.

Kisha naongeza kasi. Ikivuka mpaka wake,
ghafla matundu: moja, mawili, saba,
yamejipanga kama zidaka ukutani.
Nusu ya tundu sijaiona kamwe.

Somoe kanyamaza. Uji unashika chini.

Tangu nifike nimemuuliza mara tatu
habari za Shekuwe, mumewe,
taratibu, kwa adabu,
na mara zote kajibu, "Njema,"
sauti haikupanda hata nyuzi moja.

Mara ya nne
nauliza haraka.