Saa ya Saa Nane

Kwa Nesi Kadzo nafika saa nne.
Hunikalisha kwenye kiti cha chuma:
miguu chini, mgongo uegemee, usiseme neno.
Dakika tano.
Tangu alfajiri sijapata kiti,
na hapa hata feni yanihudumia.
Kitambaa kikanibana mkono, kikapumua, kikaniachia:
mia thelathini na mbili kwa themanini na nne.
"Hongera, Bi Mwanamkuu. Unalala vizuri?"
"Nalala."
Akaandika.
Nikashuka Langoni na kadi safi kama sahani ya Idi.

Kisha Bwanamkuu, mwanangu, akanitumia saa kutoka Doha.
Nyeusi, nyepesi, haina mishale.
Hunikaba mkono nikikanda mahamri,
hunikaba nikipanda zile ngazi ishirini na sita
alizozijenga babu wa mume wangu
akidhani magoti ni ya milele,
na kila inachokipata hukipeleka kwake.

Kwake, si kwangu. Hilo sikuambiwa.

"Mama, saa nane usiku una nini?
Mia sabini na moja. Juzi mia sabini na nane,
wakati watu wamelala!"

Nilisema ni ubovu wa saa. Nilisema ni joto la kaskazi,
ni pilipili ya achari.
Nikaivua, nikaifukia kwenye debe la mchele.

Kwa sababu saa nane ndipo Shee huita.
"Ndoo!"
Kwa Kiamu chetu ni njoo, na ni ndoo vilevile,
na usiku hutaka zote mbili:
nije, nije nayo, nimgeuze, nibadili shuka
kabla ubaridi haujamfika mgongoni,
na asubuhi tusilitaje.
Mtoto ajua baba ana miguu mizito, basi.

Jumatatu nikaipeleka kwa Kadzo ndani ya leso.
Aliitazama kama mposaji asiye na mshenga.
"Hizi za mkononi siziamini,"
akanifunga kitambaa chake kushoto, saa kulia.
Tukanyamaza.
Mia thelathini na moja. Mia thelathini na tatu.

Havikugombana. Kila kimoja kilisema kilichokiona.
Aliyeongopa ni yule aliyeulizwa, Unalala?

Nikaulizwa tena.
Nilitazama feni mpaka ikanichosha.

"Silali," nikasema.

Yeo nina kidonge kipya, cha jioni.
Na jana, saa nane kasorobo,
kabla Shee hajafungua kinywa,
simu iliita.
Saa ya Doha ni moja na ya Lamu.