Limelala Kulia

Fundi Namtuka hakuniuliza gari linasumbua nini.
Aliliacha lisimame pale penye saruji,
akarudi nyuma hatua saba, nane,
akachutama, jicho moja amelifumba,
kama mwashi anayekagua mstari wa matofali.
"Limelala kulia," akasema.
Nikasema najua.

Nimetoka nalo Kitangari alfajiri, mlima wote,
kila korongo likigonga mle chini, ko, ko,
kama mgeni aliyechoka kupiga hodi.
Newala mjini, kwenye matuta, nikawa nakaza meno.

Gereji yenyewe ni mabati sita nyuma ya ghala la korosho.
Mchanga mwekundu umekunywa mafuta machafu
mpaka umesahau rangi yake.
Dadi, kijana wa spana, akatia jeki,
akatia jiwe nyuma ya tairi,
akatia na gogo, maana jeki, alisema, ina tabia zake.

Bushi zilitoka zimepasuka kama visigino vya kiangazi.
Shokapu ilikuwa imetapika mafuta yote,
vumbi limeganda juu yake kama ugali wa jana.
Namtuka akaikandamiza kwa kiganja.
Ikashuka. Haikurudi.

Kisha wakaibana springi kwa vyuma viwili,
Dadi akizungusha robo, akisikiliza, robo tena,
na hapo hakuna aliyetania,
kwa kuwa springi iliyobanwa ni hasira iliyofungwa kamba.
Walipoitoa wakaisimamisha kando ya mwenzake wa kushoto.
Fupi. Vidole viwili, fupi.

"Aliyekuwa analiendesha," fundi akauliza, akifuta mikono,
"alikuwa mtu mzito?"

Kilo mia na kumi na nne, kwa mizani ya ghala.
Mfaume alijipima kila msimu magunia yakiisha,
akishuka anacheka: niandikeni na mimi, daraja la kwanza!
Miaka tisa kwenye kiti kile,
mifuko ya salfa nyuma, kiwiko nje ya dirisha,
na chuma kikimwandika taratibu, masika na kiangazi,
bila kuruka siku.

Mimi nina hamsini na nane.
Nilipotoka eda nikachukua ufunguo,
na tangu hapo naendesha nimeinamia upande wake.

"Mpya zipo, jozi. Nikifunga litasimama sawa."
Nilinyamaza hata Dadi akaacha kugongagonga.
Mtu hujibu nini hapo?
Nikauliza bei.
Akataja. Nikaguna. Akashusha elfu kumi.
Nikasema nusu leo, nusu mnada wa pili ukilipa.
Wadeni wake amewapanga ukutani kwa mkaa.
Hakuniuliza jina, akaandika:
Mama wa Gari Lililolala.

Saa kumi lilisimama kama maji kwenye beseni.
Namtuka akaenda ukutani, akatema mate kwenye kidole,
akafuta neno la mwisho.
Deni akaliacha.

Tuta la kwanza nilikaza meno kwa mazoea.
Kimya.
La pili, kimya.
Kwenye kona za kushuka Kitangari usukani haukunivuta popote,
nikajikuta naegemea kulia mwenyewe,
bega limekwenda bila ruhusa.

Springi ya zamani nilikataa iende kwa wanunua chuma chakavu.
Iko jikoni, nimeiwekea mtungi juu, kama kata.
Inaubeba vizuri. Ila nikiujaza hadi shingoni
unashuka kidogo, ukucha mmoja,
na mimi husimama na kopo mkononi nikiutazama.

Jumatatu narudi gereji.
Dadi ameniambia nati za kazi mpya lazima zikazwe mara ya pili,
gari likishazoea uzito.