Pikseli Mia Sita

Picha ilikuja na megabaiti saba,
upana wake pikseli elfu nne na ushei,
na ndani yake Bi Mwanamkuu wa Pongwe
amekaa chini, amenyoosha miguu, anasuka zulia la mkonge,
mjukuu pembeni anatafuna muwa,
nyuma yao ukuta, na ukutani kalenda ya mwaka juzi.

Barua pepe yangu ina upana wa mia sita.
Haina nafasi ya ukuta.
Niko ghorofani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
chini yangu cherehani inakimbiza pindo,
feni inazunguka kama mtu aliyelazimishwa,
na wateja elfu moja mia tatu, majina matupu kwenye orodha,
wanaisubiri.
Hapana, hawaisubiri. Wana shughuli zao.
Ndiyo maana lazima picha iwe nyepesi.

Baba alikuwa mpima mkonge.
Jani lililopungua fimbo yake halikuingia mzigoni,
mkataji aliondoka nalo kimya, na siku yake imepungua.
"Mizani haina shangazi," alisema.
Nilimchukia kidogo kwa ile fimbo.
Leo ninayo yangu: mshale wa kipanya.

Navuta kona.
Kona, si ubavu. Ukivuta ubavu
Bi Mwanamkuu anatanuka kama mlango wa ghala,
kidole chake kinakuwa muhogo.
Ukivuta kona anapungua wote kwa pamoja,
kwa haki, kama njaa inavyopunguza nyumba nzima.

Nikakata kalenda. Nikakata ukuta.
Nikamkata mtoto na muwa wake.
Kichwa cha bibi nacho kikaenda, kwa sababu
aliyeagiza kazi anauza zulia, hauzi uso.
Ikabaki mikono, zulia, bei.
Kilobaiti themanini na nne. Nikapima tena.

Halafu pale panapotakiwa maneno ya akiba,
ya kusomwa picha ikigoma kufunguka,
au msomaji akiwa haoni,
nikaandika: zulia la mkonge, rangi ya asili.
Nikafuta.
Mikono ya mwanamke.
Ya mwanamke gani? Nikafuta.
Cherehani ikanyamaza, fundi akashusha komeo,
na kile kisanduku bado kitupu.

Jumamosi nikaipeleka Pongwe kwa majaribio,
ndani ya simu yangu, na mtandao unaochechemea.
Maandishi yakafika kwanza.
Mahali pa picha pakakaa mraba mweupe
kama kiwanja ambacho mwenyewe yuko ng'ambo.
"Mimi niko wapi?"
"Unakuja, Bi."
Akaja mstari kwa mstari, kutoka juu:
kifundo cha mkono, bangili, kucha moja,
kisha akakwama.
Akangoja sana, kisha akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.
"Na kichwa umekiacha mjini?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima.

Mtandao ukarudi, zulia likashuka lote.
Mbelwa akainama juu ya kioo, mate ya muwa kidevuni,
akabandika kidole kona ya chini, kulia.
"Huu mguu wangu."
Nikasema si wake.
Nikakuza.
Kisigino. Pikseli ishirini, labda, na vumbi lake jekundu,
kimekwepa kisu changu.

Ningeweza kukimaliza kwa mpigo mmoja.
Usiku, ghorofani, mshale ukasimama juu yake,
ukasimama,
ukahamia kwenye kisanduku kitupu. Nikaandika:

Hii ni mikono ya Bi Mwanamkuu wa Pongwe, anasuka zulia.
Ana uso wa kucheka, haukuenea hapa.
Kisigino kilicho pembeni ni cha mjukuu wake, Mbelwa.
Anakula muwa.

Nikapima.
Themanini na nne, ileile.
Baba angeshuku mizani, angepima mara ya tatu.
Mimi nikabonyeza tuma.