Kioo cha Otia

Sikuja kwa asali.
Nilimwambia hivyo mlangoni, viatu vizito kwa tope la Samegrelo,
naye akacheka hadi kofia ya sufu ikamshukia machoni.
"Fuata nyuki ule asali, ndivyo wajavyo wote.
Miaka hamsini, binti,
wewe wa kwanza kuja na kiu ya uchungu."

Akanionyesha kioo.
Kipana kama sinia, nyaya nyembamba zimetandwa juu yake,
kando betri ya gari, kuukuu, imefungwa kwa kamba ya katani.
Umeme unapita kidogo tu,
wa kukera, si wa kuua.
Nyuki anatua, anakereka, anachoma.
Kioo hakina ngozi ya kuung'ang'ania mwiba,
basi anauchomoa mzima, anaruka, anarudi kazini.
Hasira yake inabaki nyuma: tone
dogo kuliko nukta ya kalamu yangu.

Jioni kioo kilishikwa na ukungu mweupe.
Otia akaukwangua kwa wembe wa kunyolea,
kitambaa puani, pumzi ameibana,
maana unga ule ukiuvuta
utakohoa hadi Jumapili.
Mizinga kumi na minane, saa nzima ya ghadhabu,
na mavuno hayakufunika ncha ya kijiko.

"Ya nini?"

Nikamweleza habari za Malkhazi,
wodi ya nne, Tbilisi, fundi wa kurekebisha piano,
aliyepandikizwa uboho wa dada yake.
Uboho ulikubali. Mdomo ukakataa.
Malengelenge ambayo wewe na mimi huyapata na homa,
tukayasahau kabla ya wiki kwisha,
yeye yamemla midomo, yamemla ulimi, yanashuka kooni.
Tulimpa asaiklovia; virusi vikajifunza.
Tukabadilisha; vikajifunza tena.
Tunabadili kufuli, mwizi yumo ndani tayari,
amevaa viatu vya mwenye nyumba.
Siku hizi Malkhazi huandika kwenye vikaratasi.
Jana aliandika: supu, isiwe na chumvi.

Otia alifuta wembe kwa kidole gumba.
"Na hii itamweza?"

Katika kisahani, ndiyo.
Nimeona: sumu haibishani na kirusi, haitafuti ufunguo,
inatoboa joho lake tu,
matundu, matundu, mpaka kilichofichwa kimwagike.
Lakini joho lile si lake.
Kirusi hakifumi. Kinapotoka ndani ya chembe zetu
kinajitanda kitambaa chetu,
na sindano haijui kusoma jina kwenye pindo.
Kisahani cha kwanza, virusi vilikufa.
Na chembe zilikufa, zote,
safi kama sakafu iliyopigwa deki.

Kwa hiyo kazi yangu ni kuifundisha sumu adabu.
Niivike tone la mafuta, niikate mkia, niigeuze,
imguse huyu imwache yule.
Miaka kumi, ikienda vizuri.

"Na kijana ana muda gani?"

Nyuki wa mwisho walikuwa wanaingia mizingani,
nikajifanya nawahesabu.

Alinipa kichupa, akakataa pesa,
halafu akanisukumizia na asali, ya maua ya mchesnati, nyeusi, chungu kidogo.
Nilimwambia hawezi kumeza.
"Basi aitazame."

Treni ya usiku kutoka Zugdidi.
Kichupa mfuko wa ndani wa koti, mkono wangu juu yake
kama mtu aliyeficha nauli ya wenzake.

Asubuhi niliweka mtungi dirishani kwake,
jua likapita ndani, likaangukia shuka, rangi ya chai.
Nikamsimulia kioo, betri, kofia ya sufu.
Akaomba kalamu.
Mkono wake ulichukua muda mrefu.

Inauma?

Nyuki? nikasema. Hapana. Wanarudi kazini.

Akatikisa kichwa, taratibu,
akapigia neno lile mstari chini,
akanirudishia karatasi.