Leso ya Rangi ya Mdiria

Awino ameleta picha kwenye simu.
Kioo kimepasuka pembeni, na juu ya ufa
mama yake anacheka.
"Nataka ile ile," anasema. "Ya kitabu cha mazishi.
Kurasa kumi na mbili, nakala mia tatu. Alhamisi."

Leo Jumanne. Stima imerudi saa nne.
Nje, Kibuye inanuka omena na mvua ya jana.
Nafungua faili na leso inanirukia:
buluu iliyokuwa njiani kuwa kijani, ikaghairi,
mgongo wa mdiria anapochomoka kwenye matete.

Rangi hiyo, Awino, haina wino.

Nitamwambiaje?
Simu yake ilipiga katika nafasi pana,
na kioo huchanganya mwanga. Karatasi hunywa.
Kwa Hasmukh, kule viwandani, kuna makopo manne,
samawati, majenta, njano, nyeusi,
na kila kitu duniani sharti kipite humo:
ndizi, jua la saa kumi na mbili, paji la uso wa marehemu.

Niliwahi kukosea. Mwaka wangu wa kwanza
nilipachika profaili badala ya kugeuza.
Kupachika ni kubadili jina mlangoni tu:
namba zilikaa pale pale, rangi zikahama.
Bibi harusi wa Ahero akatoka na uso wa mtu aliyemeza sumu.
Baba mtu alizirudisha picha, akaziweka mezani,
hakusema neno, akatazama mikono yangu.
Kugeuza ni kubadili kila namba
ili kinachoonekana kisibadilike.
Nililipia somo hilo shilingi elfu nane.

Na hata kugeuza kuna nia zake.
Nia moja husema: chumba ni kidogo,
wote wasogee, kila mgeni apungue kidogo.
Nyingine: waliotosha wakae walivyo,
aliyezidi abanwe ukutani.
Najaribu ya kwanza. Leso inatulia, sare ya shule,
lakini uso nao unapoa, chai iliyosahauliwa.
Najaribu ya pili. Uso unabaki na joto lake,
leso inakuwa bamba moja, mikunjo imekwenda,
maua yake yamezama.

Awino amevuta kiti karibu. "Mama hakuwa hivyo."
"Alikuwaje?"
Nauliza kwa ajili ya kazi. Anajibu kwa ajili nyingine.
"Jendeka, wa Maragoli. Alipoolewa huku
hakujua hata salamu.
Mwaka wa tatu alikuwa anaomboleza kwa Kijaluo
hadi wenyewe wananyamaza wamsikilize.
Lakini pesa alizihesabu kwa Kimaragoli mpaka mwisho.
Alikuwa akisema kuna vitu havivuki."

Narudi kwa mashine. Simtafuti tena mdiria.
Nauzungushia uso mstari, nauacha.
Ndani ya leso nachomoa majenta, tone kwa tone,
natia giza kwenye mikunjo mpaka maua yaibuke.
Kisha ule ukuta wa nyuma, njano ya kelele,
naupunguza sauti.
Rangi ikikosa nguvu, nyamazisha majirani.

Faili ya asili naihifadhi katika nafasi yake pana,
biti kumi na sita, kubwa kuliko haja.
Naipa jina: Jendeka_usiguse.
Labda siku moja kutakuwa na kopo la tano.

Alhamisi. Karatasi ya majaribio ingali na joto la mtambo.
Awino anaipeleka dirishani, anaiinamisha, anaiinua,
anaweka kidole kwenye pindo la leso.
"Si yenyewe," anasema.
Nangoja.
Anafungua pochi, anahesabu noti
midomo ikicheza bila sauti,
na sisikii
ni kwa lugha gani.