Maji Yalipotakata

Mto Mbaka ulipoingia ndani bila hodi
ulikuwa rangi ya chai ya maziwa,
na vyoo vyetu vya shimo vilisafiri nao
kama wageni waliopewa lifti.
Maji yale hatukuyaamini.
Tuliyachuja kwa kanga, tukayachemsha
hadi sufuria zikaungua matako,
tukanywa tukilalamikia moshi.

Wiki ya tatu yakatakata.
Kisima cha shule kikaonyesha sarafu iliyolala chini.
Mimi Ambakisye, mweka hazina wa kamati ya maji,
nilichota kikombe, nikakiinua juani mbele ya watu:
"Haya sasa ndiyo maji."
Nikanywa. Wakapiga makofi.
Kuni zilikuwa mbichi bado; nani angechemsha?

Mafuriko yalikuja na kelele, yakahesabika:
nyumba arobaini na moja, ng'ombe tisa,
mzee Mwakalobo na redio yake.
Matanga yakaanuliwa. Mahema yakakunjwa.
Gari la msaada likapita Ipinda, likarudi Mbeya.
Ndipo kile kidogo, kisicho na kelele,
kilichokuwa kikihesabu siku zake matumboni mwetu,
kikafika thelathini na kitu.

Hapa kwetu unjano ni habari njema.
Kakao ikiwa ya njano, noa kisu.
Mpunga ukiwa wa njano, deni la dukani linapumua.
Basi Tupokigwe aliponigeukia, "Ugonile?",
na weupe wa macho yake umeiva,
nilidhani ni jua la jioni.

"Mkojo wa chai ya rangi," alisema nesi,
"chakula hakitaki, kichefuchefu. Ni ini."
Si homa ya manjano, alirudia mara mbili,
wala si kurogwa; ni kinyesi ndani ya maji.
Wengi hupona, alisema,
akatazama tumbo la Tupokigwe, miezi minane,
akaacha kusema.

Tuliwazika wawili kwenye jeneza moja
mahali palipo juu, pasipofikwa na mto.

Mimi niliyekunywa wa kwanza
sikuumwa hata kichwa.

Siku hizi nachemsha hata ya kunawa.
Mke wangu ananiambia namaliza kuni, namwitikia ndiyo.
Kisima wamekitia dawa, wamekipa mfuniko na kufuli,
na ufunguo, kwa kura za mikono, wamenipa mimi.
Kila asubuhi nafungua, nainama.
Sarafu iko palepale chini.
Naiona vizuri kabisa.